Misumari ya mti ya sitaha inakatika kwenye chamburo: tatizo ni bamba au ni mwanzi?

Patasi_Butu

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo kwenye modeli ya HMS Beagle (meli ya Uingereza aliyosafiri nayo Darwin), skeli 1:64, nimefika sitaha. Mbao zangu zina upana wa mm 4 na unene wa mm 1, darumeti (boriti za chini zinazobeba sitaha) ziko kila baada ya mm 20 hivi. Nataka kila ubao upate misumari miwili ya mti juu ya kila darumeti, kipenyo mm 0.5. Vidoa vya penseli au wino sitaki.

Chamburo, yaani bamba la matundu la kuvutia kijiti mpaka kiwe chembamba, nimelitengeneza kwa bawaba ya mlango yenye unene wa mm 2. Matundu yanaanza 2.0 yanashuka mpaka 0.6, kila moja likipungua 0.2. Malighafi ni vijiti vya mishikaki vya mm 3, nimevipasua vinne vinne. Bamba liko kwenye jiliwa, navuta kwa plaizi.

Mpaka tundu la 1.2 mambo shwari kabisa. Kwenye 1.0 kijiti kinatoka na manyoya. Kwenye 0.8 vinakatika vitano kati ya sita, na kile kinachopona si mviringo, kimebonyea kama punje ya mchele. Nimelowesha, nimepaka sabuni, wapi! Nibadilishe bamba, mwanzi, au vyote?

La pili: sindano za hospitali zinaweza kuchukua nafasi ya chamburo?

Tezo_la_Kale

Vyote mkuu, ila anza na bamba.

Sonara anapovuta waya, waya unaingia upande mpana wa tundu, unabanwa, unarefuka. Dhahabu inakubali. Mti haurefuki, kinachozidi lazima kikatwe. Kwa hiyo kwenye mti chamburo linageuzwa: kijiti kinaingia upande mwembamba wenye ukingo mkali na kutokea upande mpana. Ukingo ndio unaofanya kazi, tundu lililobaki ni njia ya kupitia tu. Bawaba yako ni chuma laini, na tundu lake ni bomba lililonyooka lenye urefu wa mm 2. Ukingo ulilala baada ya vijiti vichache, na tangu hapo nyuzi za nje zinalazwa na kusuguliwa badala ya kukatwa. Manyoya ni hayo. Msuguano wa ukuta wa bomba nao unaongeza nguvu unayolazimika kuvutia, na kijiti cha 0.8 hakina ubavu wa kuistahimili. Sabuni hapo hainoi kitu.

Halafu hiyo "shwari mpaka 1.2" isikudanganye. Kijiti cha mm 3 ukikipasua vinne, duara kubwa linaloenea ndani ya robo moja lina kipenyo cha kama mm 1.24. Matundu ya 2.0 hadi 1.4 yalikuwa yanapunguza pembe tu. Kazi yenyewe imeanza kwenye 1.2, na tundu lililofuata tu matatizo yakakupokea.

La tatu ni ngazi zako. Kupunguza 0.2 kunaonekana sawa kila mara, lakini angalia eneo la mkato: kutoka 2.0 kwenda 1.8 unaondoa asilimia 19 ya mti. Kutoka 1.0 kwenda 0.8 unaondoa 36. Kutoka 0.8 kwenda 0.6 unaondoa 44, karibu nusu ya kijiti kwa mvuto mmoja! Chini ya 1.2 shuka kwa 0.1, chini ya 0.7 shuka kwa 0.05.

Bamba zuri la bure ni kipande cha msumeno wa zamani wa mbao, ule wa mkono, unene wa karibu mm 1. Usichukue bledi ya msumeno wa chuma ya aina ngumu, meno yake hayalainiki kwa moto wa jiko na biti zako zitaisha hapo. Kipande cha msumeno kipashe kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, kifukie kwenye majivu moto, kiache mpaka asubuhi. Kikipoa polepole hivyo kinatoboleka. Kikipoa ghafla kinakuwa kigumu kuliko mwanzo, kwa hiyo usikitoe nje kwa haraka.

Toboa, kisha upande wa nyuma panua kila tundu kwa biti nene uliyoinoa kwa pembe, usimame pale ukuta wa tundu unapobaki mwembamba kama karatasi mbili tatu. Ukipitiliza, tundu linakua na kipimo kimepotea. Mwisho laza uso wa mbele kwenye kinoo chenye mafuta, usugue mpaka mng'ao ufike kwenye ukingo wa kila tundu. Pitisha ukucha pale: ukikwama kidogo, ukingo upo. Kulifanya gumu tena si lazima. Kwa misumari elfu moja au mbili utarudi kwenye kinoo mara tano sita, basi.

Patasi_Butu

Nashukuru mkuu. Hilo la upande sikulijua, nilikuwa napitisha upande wowote. Sasa hizo ngazi za 0.05, biti zake nazitoa wapi? Huku dukani chini ya 0.8 huzikuti, hizo 0.6 mbili zenyewe nilipewa.

Tezo_la_Kale

Huhitaji biti kwa kila tundu. Mafundi wenye machamburo ya chuma laini wana ujanja wa zamani: tundu likilegea wanaligonga lijifunge, kisha wanalifungua upya kwa ncha iliyochongoka. Toboa matundu sita yote kwa biti yako ya 0.6. Laza bamba juu ya chuma kizito, uso wa mbele ukitazama juu, chukua msumari wa chuma uliokatwa ncha, ugonge kwa wepesi kuzunguka tundu. Chuma kitasogea ndani. Sugua uso kwenye kinoo, kisha ingiza sindano ya kushonea kutoka nyuma, izungushe taratibu mpaka upate ukubwa unaotaka. Sindano inanenepa kutoka nchani kwenda katikati, kwa hiyo kadiri unavyoizamisha ndivyo tundu linavyokua. Hii inafanyika bamba likiwa limelainishwa. Kwenye chuma kigumu utavunja sindano na pengine jicho, kwa hiyo vaa miwani.

Kupima bila kalipa: vuta kijiti kimoja kwenye tundu, kikate vipande kumi, vilaze ubavu kwa ubavu kwenye rula, vibane kwa kucha. Vikichukua mm 5.5, tundu lako ni 0.55. Weka alama kwenye bamba kwa ncha ya msumari, maana kesho hutakumbuka.

Pingili

Nami niseme ya mwanzi, maana kila mtu analaumu bamba.

Vijiti vya mishikaki ni bahati nasibu. Mwanzi una nyuzi nyingi zilizosongamana karibu na ganda la nje, na kadiri unavyoingia ndani nyuzi zinapungua na nyama laini inaongezeka. Kiwandani kijiti kinachongwa popote penye nafasi. Tazama kichwa cha kijiti kwenye mwanga: nyuzi ni vile vidoti vyeusi. Vidoti vikiwa vimebanana upande mmoja na upande wa pili peupe, ukikipasua vinne utapata robo moja au mbili nzuri, zilizobaki tupa. Hizo nyeupe ndizo zinazokatika kwenye 0.8, uwe na chamburo la dhahabu.

Ukipata mwanzi mzima uliokauka ni bora zaidi. Kata pingili moja, kati ya fundo na fundo, usilichukue fundo lenyewe kwa sababu nyuzi pale zinapinda na kuingiliana. Kwangua ganda linalong'aa, halikatiki vizuri na gundi hailishiki. Chukua mm 2 za nje tu. Pasua kwa kisu, usitumie msumeno: kisu kinafuata nyuzi zinakokwenda, msumeno unazikata mshazari, na kila uzi uliokatwa mshazari ni mahali pa kuvunjikia. Pasua katikati kila mara, nusu kwa nusu, ili pande mbili ziwe na nguvu sawa. Ukijaribu kumega kipande chembamba pembeni, mpasuko unakimbilia upande mwembamba na kipande kinaisha njiani. Simama ukifika kama mm 1.3 kwa 1.3.

Kuhusu kulowesha, acha. Mwanzi mbichi au uliolowa unavimba, nyuzi zinakuwa laini, zinalala mbele ya ukingo badala ya kukatwa. Ukauke. Pwani msimu wa mvua, viweke juani mchana mzima kabla ya kuvuta, na uvivute siku hiyohiyo.

Sasa kuvuta. Chonga ncha mm 20 iwe kama ya penseli, ipite tundu mbili mbele. Shika ncha karibu kabisa na bamba, vuta mvuto mmoja mrefu bila kusimama, mkono ukiwa wima kwa bamba. Hapa ndipo punje ya mchele inapotoka: ukivuta kwa mshazari, ukingo wa upande mmoja unakata na wa pili unasukuma. Kila tundu pitisha mara mbili, mara ya pili ukiwa umekigeuza robo mzunguko. Kikikwama usikivute kwa hasira. Kirudishe nyuma, kikwanguliwe kwa wembe pale kilipokwama, kirudi tundu la juu yake.

Geji21

Swali la sindano hamjalijibu.

Zinafaa, lakini kwa hatua ya mwisho tu. Sindano za kawaida zina vipenyo vya ndani vinavyojulikana: geji 18 (kitako cha pinki) ni 0.84, geji 19 ni 0.69, geji 20 (njano) ni 0.60, geji 21 (kijani) ni 0.51. Geji 23 ya bluu ni 0.34. Kwa hiyo ile ya kijani ndiyo 0.5 yako, imeshatobolewa kiwandani, na ni mviringo kuliko tundu lolote tutakalotoboa sisi. Angalia pakiti, zipo za ukuta mwembamba ambazo tundu lake ni kubwa kidogo. Na nunua mpya duka la dawa. Iliyotumika usiiguse, hata ya nyumbani.

Usiikate kwa plaizi, itabanika. Zungushia mkato mdogo kwa ukingo wa tupa chini ya ile ncha ya mshazari, ipinde, itakatika yenyewe. Nyoosha mkato kwenye kinoo, kisha izungushe ukiwa umeilaza kidogo ili unoe kwa nje. Makali yabaki kwenye ukingo wa ndani, taka zitoke nje. Safisha tundu kwa sindano nyembamba zaidi.

Ikiwa wazi inapinda. Toboa kipande cha mbao ngumu, izamishe humo, iache itokeze mm 2 tu. Kijiti kinaingia nchani na kutokea kwenye kitako. Hapo kuna hasara: ncha ya kijiti lazima ichongwe nyembamba mm 30 hivi ili ifike kwenye plaizi upande wa pili, na kipande hicho hakifai kwa msumari. Ndiyo maana naitumia mwishoni tu, kutoka 0.6 ya chamburo kuja 0.5 ya sindano. Ukitaka ikate kutoka 0.8, bomba linajaa unga na kijiti kinakatikia ndani, kisha unatafuta pa kukitolea.

Tezo_la_Kale

Nakubaliana na Geji21 kwa mm 0.5. Ila kutoka 0.6 kwenda 0.5 ni asilimia 30 ya mti. Weka 0.55 katikati.

Darumeti

Kabla hujavuta vijiti mia, fanya hesabu. Beagle ilikuwa na urefu wa mita 27.5 na upana wa mita 7.5, kwa skeli yako ni sentimita 43 kwa 12 kasoro. Tuseme mbao 30 katikati, darumeti 20, misumari miwili: 1,200. Toa milango ya chini na sehemu sitaha inapokonda mbele na nyuma, ongeza miwili ya ziada kila mbao mbili zinapokutana kichwa kwa kichwa, bado unazunguka 1,100 hivi. Kijiti cha sentimita 20 kinatoa misumari 40 ukikitumia vizuri, maana hukikati kabla: unachovya ncha kwenye gundi, unaingiza tunduni, unakata, unachonga ncha upya, unaendelea. Vijiti 30 vinatosha. Vuta 45, kuvunjika kupo.

Matundu sasa. Kosa kubwa si kipenyo, ni mstari. Jicho haliwezi kujua msumari ni 0.5 au 0.55, lakini msumari mmoja uliotoka nje ya mstari kwa nusu milimita linauona kutoka mlangoni. Kata ukanda wa bati la kopo, upana mm 4 kama ubao, toboa matundu mawili: kila moja mm 1 kutoka ukingo wake, moja likiwa mbele kidogo ya katikati ya darumeti na la pili nyuma kidogo, kama mm 0.75 kila upande. Yakae mshazari. Yakikaa sambamba unatoboa darumeti kwenye mstari mmoja wa nyuzi, nayo inapasuka. Piga mstari wa penseli kwenye kila darumeti, weka kigezo chako, choma kwa sindano iliyo kwenye kishikio, ndipo utoboe. Bila kuchoma kwanza biti inateleza kufuata uzi wa mbao.

Biti ya 0.5 ukiikosa, vunja jicho la sindano ya kushonea yenye unene huo. Ile panda inayobaki inoe kidogo kila upande, inatoboa mbao laini na za wastani vizuri tu. Penseli ya kubonyeza ya 0.5 inaishika kama kichwa cha keekee. Zungusha kwa vidole, toa vumbi kila mizunguko michache, ingia mm 2.5. Funga kipande cha utepe kwenye sindano kuonyesha kina.

Na rangi ya misumari: acha mwanzi kama ulivyo. Kichwa cha nyuzi kinanyonya mafuta kuliko ubavu wa ubao, kwa hiyo ukishapaka mafuta msumari unakuwa mweusi kiasi wenyewe. Mti wa rangi nzito kwenye sitaha nyeupe unageuza meli kuwa kanga, madoa mwili mzima. Meli halisi ukisimama mbali huoni misumari yake.

Patasi_Butu

Hapo kwenye kanga umenimaliza. Gundi gani? Nina supaglu na gundi nyeupe ya mbao.

Darumeti

Nyeupe. Ukubwa wa kichwa cha kiberiti kwenye kifuniko, ongeza maji kidogo, chovya mm 1 ya ncha. Supaglu inanywewa na ubao kuzunguka tundu na kuacha pete ambayo mafuta hayaingii. Huioni mpaka siku ya kupaka mafuta, na hapo umechelewa. Hata nyeupe ikimwagika, ifute papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu.

Kijiti kikigoma katikati ya tundu usikisukume, kitapinda na kuvunjika ndani. Kitoe, ncha iwe kali zaidi, kirudi. Kata kwa kikatia kucha ukiacha nusu milimita juu. Subiri mpaka kesho. Kisha laza patasi au wembe mpya uso kwa uso na sitaha, ukate kwa kuteleza pembeni. Usiinue makali, utachomoa msumari au utamega nyuzi chini ya uso.

Kumalizia, kwangua sitaha kwa ukingo wa wembe. Msasa uache, hasa kama mistari ya kalafati (ziba ya maungio ya mbao) umeifanya kwa penseli kwenye kingo za mbao. Msasa unasambaza ule weusi kwenye vitundu vya mbao na sitaha nzima inakuwa kijivu.

Mwana_Mkuku

Nimefuata tangu juu. Mimi nina modeli ya jahazi, skeli 1:32. Vipimo hivi nikivizidisha vizuri vitafaa?

Tezo_la_Kale

Vipimo vitafaa, misumari yenyewe haifai. Jahazi linapigwa misumari ya chuma. Ukilijaza vichwa vya mti, fundi yeyote wa pwani atakuuliza umeliona wapi. Na mtepe, chombo cha kale cha pwani, haukuwa na hata hiyo ya chuma, mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi.

Kwa jahazi fumua waya wa breki ya baiskeli, ule wa ndani. Kila uzi wake una karibu mm 0.3, kwenye 1:32 ni kichwa cha msumari cha karibu sentimita moja. Toboa, ingiza kwa tone la gundi, kata ukiacha kidogo, kisha sugua kwa tupa laini mpaka ulingane na ubao. Tupa ipite kufuata uzi wa mbao, vumbi la chuma ulipulize kabla hujagusa sitaha kwa kidole chenye jasho, la sivyo linaacha doa la kutu.